Sasa nani anafaidi?



Mwezi uliopita nilikuwa darasani, kidato cha pili, kipindi cha mwisho kabla ya chakula, na kipindi hicho mnakijua wenyewe. Nafundisha Jiografia. Nilikuwa nimetundika ramani ya dunia ubaoni, nikawaambia wanitafutie kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani ambacho hakikaliwi na mtu. Wakahangaika Bahari ya Hindi, wakahamia Pasifiki. Mmoja akasema Madagaska, wenzake wakamcheka mpaka akakaa chini. Nikapandisha fimbo juu kabisa, kaskazini mwa Kanada, pale ambapo nchi imekatika vipande vipande kama sahani iliyoanguka sakafuni. Kisiwa cha Devon.

Wakataka kujua ukubwa. Kilomita za mraba 55,000 na ushee. Ukiichukua Rwanda ukaiunganisha na Burundi, Devon bado kinazidi kidogo. Nchi hizo mbili zina watu zaidi ya milioni 20. Devon hakina hata mmoja.

Darasa likatulia. Halafu kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu mwaka uanze hajawahi kunyoosha mkono, akasema bila hata kusimama: "Sasa nani anafaidi?"

Kengele ikaniokoa. Nikasema tutaendelea kesho, kama tunavyosema walimu tukibanwa. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani, kwa sababu mimi nina deni nalo la siku nyingi. Deni lenyewe nitalieleza, msiwe na haraka. Kwanza twende kisiwani, maana ukitaka kujua kitu ni cha nani, angalau ukitazame.

Mimi sijafika Devon wala sitegemei kufika. Ninayoyajua ni ya vitabu, ramani na picha za setilaiti. Kisiwa kipo karibu na latitudo 75 Kaskazini, ndani ya Mzingo wa Aktiki kabisa. Kusini yake kuna mlango wa bahari wa Lancaster, kaskazini kuna mlango wa Jones, mashariki ni ghuba ya Baffin. Mwanzoni mwa Novemba jua linazama na halionekani tena hadi mapema Februari. Kuanzia karibu na mwanzo wa Mei mpaka katikati ya Agosti halizami kabisa, linazunguka angani kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Upande wa mashariki umefunikwa na tandiko moja la barafu, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 14,000, na kilele chake kinapita mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Barafu ile haikuganda siku moja. Ni theluji ya mwaka huu juu ya theluji ya mwaka jana, juu ya theluji ya enzi za mababu, imeshindiliana kwa uzito wake mpaka imekuwa ngumu kama jiwe, na bado inatembea, polepole, inateremka kwenye mabonde hadi baharini.

Magharibi hali ni nyingine. Kule ni uwanda wa mawe, kijivu na kahawia, karibu hakuna kitu. Msidanganywe na neno barafu: sehemu kubwa ya Devon ni jangwa. Theluji inayoanguka ni kidogo sana, na ardhi chini imeganda mwaka mzima. Kiangazi joto ni nadra kuzidi nyuzi 10. Maji yanaingia kwenye ufa wa jiwe, yanaganda, yanatanuka, jiwe linapasuka. Mwaka unaofuata tena. Na kwa kuganda na kuyeyuka huko kwa udongo, mawe yanasukumwa, makubwa yanatengana na madogo, mpaka yanajipanga kwa duara, duara baada ya duara, kwa ustadi ambao ungeapa kuna mtu alipita na kamba akipima. Hakuna aliyepita. Kwa miaka maelfu mawe yale yamekuwa yakijipanga na hakuna aliyeyapigia makofi.

Halafu kuna Truelove. Ni jina la tambarare ndogo ya pwani ya kaskazini mashariki, kama kilomita za mraba 43 tu. Miinuko nyuma yake na maji yanayotuama yameifanya kuwa kama bustani ndani ya jangwa. Kuna majani, kuna mbu, kuna ndege wanaokuja kutaga, kuna wale wanyama wanaofanana na nyati aliyevaa blanketi la manyoya hadi magotini. Mwierebi wa huko hausimami. Unatambaa chini kama mtu anayekwepa risasi, kwa sababu ya upepo. Na kuna ua dogo la mpopi, la manjano, ambalo hugeuza uso kulifuata jua. Kwa kuwa jua halizami, ua nalo linazunguka mchana na usiku, katika majira ya kukua yasiyofika miezi miwili. Watafiti walijenga kituo pale mwaka 1960. Kabla ya hapo ua lilizunguka hivyohivyo.

Sasa deni langu.

Miaka tisa iliyopita, nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, nilikuwa utingo wa fuso moja. Bosi alikuwa na gereji pia. Siku hiyo tukapakiwa madumu sita ya lita ishirini ya oili chafu. Oili chafu ya kawaida haitupwi, ina wateja, watu wanapaka nguzo kuzuia mchwa. Hii ilikuwa imechanganyika na maji ya betri na maji ya kuoshea injini, hakuna aliyeitaka. Bosi akasema, "Mkifika kule porini mwageni tu. Hakuna mtu." Tulifika kama saa kumi jioni. Dereva akasimama kando ya korongo kavu, nikashusha madumu, nikayainamisha moja baada ya jingine. Mchanga ulikuwa unameza kwa sauti, kama mtu mwenye kiu. Kazi haikuchukua robo saa. Tukanawa mikono kwa sabuni ya unga, na mbele ya safari dereva akaninunulia mishikaki.

Kwaresima iliyofuata nilienda kuungama. Nilikuwa na orodha ya kawaida ya vijana, wala sina haja ya kuwasomea. Mwishoni, sijui kwa nini, nikaropoka: "Na nilimwaga oili chafu porini, Padre."

Padre alikuwa mzee. Akanyamaza, kisha akauliza, "Ni shamba la mtu?"

"Hapana, Padre."

"Kuna kisima karibu? Watu wanachota?"

"Hapana. Ni korongo tu. Hakuna watu."

"Sasa mwanangu, umemkosea nani?"

Hadi leo sijui kama alikuwa ananiuliza kweli au ananitua mzigo. Sikuwa na jibu. Malipizi aliyonipa yalikuwa mawili: nisome sura ya 38 ya kitabu cha Ayubu, polepole, na siku moja nirudi pale nikaangalie.

Sura niliisoma usiku uleule. Ninyi mnajua Ayubu alivyoteseka na jinsi alivyotaka kesi yake isikilizwe. Mungu anapojibu, hazungumzii kesi. Anaanza kumtembeza Ayubu duniani, na cha ajabu, anampitisha mahali ambapo Ayubu hana shughuli napo. Anamtajia maghala ya theluji. Anamuuliza habari za barafu, imezaliwa wapi. Anataja mvua inayonyesha nyikani, kwenye nchi asikoishi binadamu yeyote, mpaka majani yanaota. Sisi tungesema ni maji yaliyopotea. Yeye anaitaja kwa namna ya fundi anayeonyesha kazi aliyoipenda.

Nirudi Devon. Swali la kijana wangu, nani anafaidi, limejibiwa mara nyingi katika historia ya kisiwa kile, na majibu yenyewe yanafundisha.

Jibu moja ni la wanasayansi. Magharibi mwa kisiwa kuna kreta inayoitwa Haughton, yenye upana wa kilomita zipatazo 23. Inazidi kidogo Kreta yetu ya Ngorongoro, ila Ngorongoro ni ya volkano, na hii ilichimbwa na kimondo kilichoanguka mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa ukavu wake, baridi yake na mawe yake yaliyovunjika, mahali pale panafanana sana na sayari ya Mars. Tangu mwaka 1997 watafiti wanaosaidiwa na NASA wamekuwa wakienda huko kiangazi, wanavaa mavazi ya anga, wanajaribu magari na mitambo. Kwa hiyo kisiwa kisicho na mtu kina faida: kinatufundisha kwenda kwingine kusiko na mtu! Sicheki kazi yao, ni nzuri. Lakini wao ni wageni wa wiki chache.

Jibu la pili ni la serikali, na hili linauma. Mwaka 1924 Kanada ilifungua kituo cha polisi mahali paitwapo Dundas Harbour, pwani ya kusini ya Devon. Polisi wa kumlinda nani? Hakukuwa na mwizi wala jirani. Walipelekwa ili ionekane kwamba nchi ina mwenyewe. Wawili kati yao walifia huko, makaburi yao yapo. Mwaka 1933 kituo kikafungwa. Mwaka 1934 kampuni ya Hudson's Bay, kwa makubaliano na serikali, ikapeleka Wainuit wapatao 50 kutoka kisiwa cha Baffin wakawinde mbweha kwa ajili ya manyoya, na kuwepo kwao kuwe ushahidi kwamba nchi haiko tupu. Barafu ya bahari ya pale ilikuwa mbaya, haikufaa kwa mbwa na sledi, uwindaji ukawa mgumu. Mwaka 1936 wakaondolewa. Baadhi yao hawakurudishwa kwao, walihamishwa tena na tena.

Na wala halikuwa kosa la mara moja. Mwaka 1953 serikali ilizihamisha familia za Wainuit kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, kwenda Grise Fiord na Resolute, kama kilomita 2,000 kutoka kwao. Hizo ndizo jamii zilizo jirani na Devon hadi leo, moja kaskazini yake, moja magharibi, kila moja ina watu wasiofika 200. Waliahidiwa kwamba wasipopapenda watarudishwa baada ya miaka miwili. Ahadi haikutimizwa. Serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi mwaka 2010.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu. Mimi nilikuwa nadhani kuna makosa mawili yanayopingana, la kwanza kudharau nchi kwa kuwa haina mtu, la pili kuwatumia watu ili nchi ipate thamani. Ukiangalia vizuri ni kosa moja. Aliyeiona Devon kuwa tupu ndiye huyohuyo aliyewaona Wainuit kuwa vitu vya kujazia utupu. Macho yanayouliza tu "inanifaa nini" hayabagui jiwe na mtu.

Tena huo utupu wenyewe ni wa kusemwa tu. Waingereza walikiita kisiwa Devon ya Kaskazini baada ya Parry kuchora pwani yake ya kusini mwaka 1819, kwa heshima ya mkoa wa kwao Uingereza. Wainuit walikuwa na jina lao tayari: Tallurutit. Maana yake ni kidevu cha mwanamke chenye chale. Ukikitazama kutoka baharini, kwenye miamba kuna mifereji myeusi inayoteremka sambamba, kama chale walizochora mama zao kidevuni. Ebu fikiri. Mmoja aliona nchi akaipa jina la kwao alikotoka. Mwingine aliitazama akamwona mama. Na wahenga wao waliwahi kukaa pale. Mabaki ya nyumba zao yapo pwani, mawe na mifupa ya nyangumi. Kusema kisiwa hakikaliwi ni sawa. Kusema hakikujulikana si sawa.

Kuna na wale waliopita wakaacha watoto wao. Kusini magharibi, karibu na ufuko wa Devon, kuna kisiwa kidogo cha Beechey. Msafara wa Franklin, merikebu mbili zikitafuta njia ya kwenda Asia, ulikaa hapo majira ya baridi ya 1845 na 1846. Watu 129 walipotea wote katika safari ile. Watatu walizikwa Beechey, na wa kwanza, John Torrington, alikuwa na miaka 20. Alikuwa mchochea moto wa injini. Huwa namfikiria nikikaa na vijana wa parokia, wengi wao ni wa umri huo. Kaburi halina wa kulifagia Novemba, mwezi wa marehemu. Je, kwa kuwa hakuna anayelipita, aliyelala pale amepungua?

Hapo nyote mtajibu hapana, haraka sana, na ni sawa. Mtu ni sura ya Mungu hata akiwa chini ya barafu. Lakini jiwe je? Ua la mpopi? Hapo tunasita, na mimi nilisita miaka mingi.

Kilichonisogeza ni mifupa. Baada ya kimondo kuchimba ile kreta ya Haughton, maji yalijaa, likawa ziwa, na hali ya hewa wakati huo haikuwa ya leo. Kulikuwa na miti. Tope la ziwa likahifadhi waliokufa mle. Mwaka 2007 timu ya Natalia Rybczynski ilikuwa inazunguka kwenye kreta, pikipiki yao ya magurudumu manne ikaishiwa mafuta. Wakati wa kusubiri, mmoja akaona mfupa chini. Ndivyo alivyopatikana Puijila, mnyama kama fisi maji mwenye ngozi kati ya vidole, ndugu wa kale wa sili, aliyekuwa bado anatembea kwa miguu. Na mwaka 2025 wataalamu wa makumbusho ya viumbe ya Kanada walimtangaza kifaru. Ndiyo, kifaru! Hana pembe, aliishi pale miaka ipatayo milioni 23 iliyopita, na mifupa yake mingi imekutwa.

Nilipowaambia wanafunzi kuhusu kifaru wa Aktiki walishangilia kama goli limeingia. Lakini hebu tukae kidogo na hiyo miaka milioni 23. Kifaru yule alikunywa maji ziwani asubuhi. Alikuwa na mama. Pengine alipenda jani fulani kuliko lingine. Hakukuwa na binadamu hata mmoja popote duniani wa kumwona, wala wa kumwinda, wala wa kumpiga picha. Kama thamani inaanza sisi tunapofika, basi asubuhi ile haikuwa na thamani, na Mungu alikuwa anafanya kazi bure, kwa miaka milioni baada ya milioni, akisubiri watazamaji. Mimi siwezi kuamini hivyo. Na Maandiko hayanilazimishi. Katika masimulizi ya uumbaji, mwanzoni mwa Mwanzo, Mungu anaridhika na nchi kavu, bahari, mimea, samaki na ndege kabla mtu hajatajwa. Zaburi ya 104 ina mnyama mkubwa wa baharini ambaye kazi yake ni kucheza tu. Na Papa Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, alifundisha kwamba viumbe vina thamani yake mbele za Mungu, siyo ile tu tunayoipata kwa kuvitumia.

Mwalimu mwenzangu, tunakaa naye meza moja ofisini, alinisikiliza akaweka kikombe chini. "Kaka, hapa watoto wanakaa wanne dawati moja. Wewe unalilia mawe ya Kanada."

Sikumjibu siku hiyo, kwa sababu ana haki. Upendo wa nchi tupu unaweza kuwa starehe ya aliyeshiba. Na ubaya zaidi, wapo wanaopenda nyika kiasi cha kutaka waliomo watoke. Nikichaguliwa kati ya mtoto mmoja na mpopi wote wa Truelove, nachukua mtoto, na sihitaji hata kufikiri. Ila maisha yangu mimi hayajawahi kuniletea uchaguzi huo. Yaliyoniletea ni madumu sita na bosi asiyetaka gharama. Hakuna mtoto aliyeshiba kwa oili niliyomwaga. Nadhani mara nyingi tunapomtaja maskini ili kutetea uchafu, maskini mwenyewe hajaulizwa.

Na "hakuna mtu" ni neno lenye mguu mmoja. Wataalamu wametoboa barafu ya Devon, wakatoa nguzo ndefu za barafu, wakazipima tabaka kwa tabaka kama mtu anayesoma daftari la zamani. Ndani wamekuta madini ya risasi. Si ya kisiwani. Yamebebwa na upepo kutoka kwenye tanuru za watu wa mbali, tangu enzi za kale, na baadaye kutoka kwenye petroli iliyotiwa risasi katika karne iliyopita. Waliochoma petroli ile hawakuijua Devon. Hakuna aliyekusudia. Moshi ulipanda, ukaonekana umekwisha, ukaenda kutua juu ya theluji kusiko na mtu, theluji ikauandika na kuufunika. Na sasa tandiko lile linapungua kwa joto tunaloliongeza wote.

Nilivyosoma habari hiyo nilikumbuka sehemu ya pili ya malipizi. Miaka tisa! Nilikuwa nimeshapokea Ekaristi mara ngapi, na malipizi yangu nusu bado iko porini.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilipanda basi, nikashuka njiani, nikatembea. Kulipata lile korongo ilinichukua saa nzima na zaidi, maana makorongo yanafanana na mvua zimehamisha mchanga. Nilichotambua ni mbuyu uliokuwa mkono wa kushoto. Kwenye ukingo, juu kidogo ya pale maji yanapopita, kuna sehemu kama ya mikeka miwili ambayo haina majani. Pembeni yake yapo. Udongo wake ni mweusi, umeshikana, na ukiuchimba na kijiti harufu inatoka vilevile, ya gereji.

Nilitamani apite mtu. Nisiwafiche. Nilitamani apite mchungaji na mbuzi wake, niseme samahani, nijue nimemkosea nani, yaishe. Nilikaa chini ya mbuyu karibu saa mbili. Hakupita mtu. Walipita siafu, msafara mrefu, wakafika kwenye ule weusi, wakazunguka.

Nilikuwa nimebeba koleo dogo na viroba vitatu vya sandarusi. Nilipiga magoti, nikasema "Bwana, nimekukosea Wewe, na hapa pako," nikaanza kuchimba. Vikajaa vyote vitatu kabla sijafika nusu. Nikavivuta hadi barabarani, nikasimamisha fuso. Utingo wake, kijana kabisa, akanisaidia kupakia, akauliza ni nini. Nikamwambia ni udongo mchafu.

"Unaupeleka wapi, braza?"

Nikafungua mdomo, nikakuta sina jibu. Viroba viko nyuma ya nyumba yangu, nimeviwekea bati juu mvua isivifikie. Kila nikifikiria mahali pa kuvimwaga, nakuta pana mwenyewe.